Muulize Fundi: Hizi iabadi za kuzima kelele zinazima kelele gani?

Nimefungua meseji zenu za mwezi huu na karibu zote zinauliza kitu moja, hizi iabadi ndogo zisizo na waya zenye zimeandikwa ANC kwa boksi, yaani za kuzima kelele, zenye saa hii unapata hata chini ya 5,000. Nimefurahi sana manake hii ni kitu naipenda. Nimechagua barua saba, kuanzia Njoro hadi Kakamega. Kuna moja imenikalisha chini, hiyo nimeiweka mwisho.

*Fundi habari yako. Mimi ni mwanafunzi huku Njoro, tuko wanne kwa chumba, na wawili wakianza kubishana mambo ya Gor na AFC ni hadi saa sita usiku, siwezi kusoma. Nilitoa kwa pesa ya mkopo wa masomo wa HELB nikanunua iabadi za 3,200 zenye ANC. Nikizivaa bado naskia kila kitu wanasema, hadi jina la mwenye alifunga goli. Kenye siskii tena ni feni ya chumba cha pili. Nimeuziwa feki?*
*– Mwanafunzi, Njoro*

Mwanangu hujauziwa feki, na jibu umeliandika wewe mwenyewe hapo kwa feni. Iabadi zako zinafanya kazi, ni vile tu hakuna mtu alikuambia kazi yake ni gani.

Iko hivi. Kila iabadi ina kamaiki kadogo kanaangalia nje, kanaskia kelele inakuja, alafu chipu ndani inatengeneza sauti ingine kinyume cha hiyo, wimbi la kelele likipanda lake linashuka, likishuka lake linapanda, yakikutana kwa sikio lako yanakatana na unabaki na kimya. Sasa shida ni saa. Sauti nzito kama ya feni au injini, tuseme ya hezi 100, yaani inatetema mara 100 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa kama mita 3.4, kwa hivyo chipu ikichelewa kidogo bado italipata. Lakini sauti nyembamba ya hezi 3,400 wimbi lake ni sentimita 10 peke yake, na hapo hata ukichelewa nukta ndogo kabisa umelikosa, saa ingine badala ya kukata unaongeza. Na maneno ya watu yanaeleweka kwa hizo sauti nyembamba, ile s, ile t, ile k, ile sh. Ndio maana mngurumo wa friji, jenereta, feni na injini unaisha, alafu wenzako wanabaki wanaskika vizuri hata kuliko mwanzo, juu ile kelele ya chini yenye ilikuwa inawafunika imetolewa.

Na sio juu ni za bei nafuu, hata za bei kubwa ziko hivyo, tofauti ni kiasi. Hii akili yenyewe ni ya zamani, Mjerumani mmoja anaitwa Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Alafu 1978 Amar Bose akiwa kwa ndege kutoka Zurich alikerwa na mngurumo wa injini, akaanza kupiga hesabu hapo hapo kwa kiti, na 1989 kampuni yake ikaanza kuuzia marubani hedifoni zake. Marubani! Mtu anakaa na injini moja inanguruma sauti ile ile masaa sita. Hiyo ndio kelele hiki kitu kilizaliwa nayo.

Sasa maneno ya watu yanazuiwa na nini? Yanazuiwa na kale kampira. Kwa boksi yako kulikuwa na vimpira vya saizi tatu, na nakuhakikishia unatumia vile vya katikati vyenye vilikuja vimevaliwa. Vijaribu vyote leo usiku. Vuta sikio juu kidogo na mkono wa pili, ingiza iabadi, izungushe nyuma kidogo ikae, alafu toa sauti mmmm ukiwa umefunga mdomo. Ukiskia sauti yako imejaa ndani ya kichwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi, imeziba. Ukiiskia kama kawaida, kuna hewa inapita, na ukiweka muziki utaona besi imepotea. Sikio la kushoto na la kulia si lazima zivae saizi moja, mimi kushoto navaa kubwa kulia ya katikati. Kama hakuna inakaa, tafuta vya sponji, unavifinya vinaingia vyembamba alafu vinafura ndani, hivyo vinazuia maneno kuliko vile vya mpira.

Alafu washa ANC na ucheze sauti ya mvua kwa chini kabisa. Mngurumo ukishatolewa, hiyo mvua kidogo inatosha kufunika maneno yao na hutahitaji kupandisha. Jaribu hivyo wiki moja kabla uzirudishe dukani.

*Fundi mimi nauza vitenge hapa Kakamega mjini na biashara yangu yote iko kwa simu, wateja wa Bungoma na Busia wananipigia nikiwa sokoni. Kijana wa duka aliniuzia iabadi akasema zinatoa kelele. Mimi siskii kelele ikitoka hata kidogo, lakini wateja wanasema saa hii wananiskia vizuri. Nirudishe ama nikae nazo?*
*– Mama wa vitenge, Kakamega*

Mama hebu geuza boksi uangalie herufi. Naona kama utapata ENC, na si ANC. Ni herufi moja tu lakini ni mambo mawili tofauti. ANC inatoa kelele kwa masikio yako. ENC inasafisha maiki, inatoa kelele ya soko kwa sauti yenye inaenda kwa mteja, wewe hapo ulipo unaendelea kuskia makanga vile vile. Kijana hakukudanganya kabisa, lakini hakukueleza pia, na wauzaji wengi hawajui tofauti yake, unamuuliza anasoma boksi.

Na hata kampuni moja inaweza kutoa mbili zenye majina karibu sawa, kwa mfano Redmi Buds 4 ina ANC, lakini Redmi Buds 4 Active haina, na ukiziweka pamoja mtu anaona kaneno kamoja tu kameongezwa na bei imeshuka. Kwa hivyo usisome jina, soma herufi.

Kaa nazo mama. Kazi yako ni mteja akuskie na anakuskia. Na wewe sokoni unahitaji kuskia mwenye amesimama mbele yako ameshika kitenge, ANC ingekunyima huyo.

*Boss, mimi ni wa boda Bungoma. ANC itanisaidia na upepo?*
*– Wa boda*

Hapana, na nakuomba sana usivae. Upepo ukipiga kale kamaiki ka nje unakuwa mshindo, chipu inajaribu kuukata haiwezi, unaskia vuu vuu mbaya kuliko bila. Hiyo ndio ya ufundi. Ingine ni kwamba lori likikufuata nyuma kitu ya kwanza kukuambia ni mngurumo wa injini yake, na hiyo ndio sauti yenye ANC inatoa vizuri kuliko zote. Una abiria nyuma. Zivae ukifika steji umezima pikipiki.

*Fundi mimi nafanya kazi Kisumu, familia iko Nakuru, kila Ijumaa niko kwa matatu na kila Jumapili narudi. Nimepata iabadi mbili, moja imeandikwa inapunguza hadi desibeli 35 ni 3,500, ingine desibeli 50 ni 5,500. Hizo 15 zina thamani ya elfu mbili? Na zitanizimia pia muziki wa dereva?*
*– Msafiri, Kondele*

Ndugu yangu hiyo namba ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, soma lile neno liko mbele yake, hadi. Inapunguza HADI desibeli 35. Maana yake walipima maabara wakatafuta ile sehemu moja ya sauti zenye inafanya vizuri zaidi, wakaandika hiyo. Sehemu zingine inaweza kuwa 20, zingine 10, na juu kabisa kwa sauti nyembamba ANC haifanyi kitu, ni mpira tu. Na hakuna kipimo kimoja chenye kampuni zote zinalazimishwa kufuata kwa hayo maboksi, kila mtu anapima kwake, kwa hivyo 35 ya huyu na 50 ya yule huwezi kuziweka kwa mizani moja. Usilipe elfu mbili ya namba.

Lipa kwa masikio yako. Nenda duka lenye watakubali ufungue, jioni kukiwa na magari, pale Oginga Odinga Street tuktuk na malori hayakosi. Vaa bila muziki wowote, ANC ikiwa imezimwa, skiza sekunde kumi, alafu iwashe. Kama ni nzuri utaskia kama mtu amefunga mlango wa ile barabara, mngurumo unashuka chini na honi zinabaki. Kama hakuna kimebadilika hata kidogo, jaribu mpira mwingine kabla uilaumu. Kama kimebadilika lakini kuna shhhhh inabaki kwa sikio, hiyo ni kelele ya maiki na chipu yenyewe, kwa matatu hutaiskia lakini usiku nyumbani itakusumbua. Na uskize kama sikio linahisi kuvutwa, ile hisia ya kushuka mteremko mrefu masikio yanaziba. Watu wengine hawaipati kabisa na wengine inawapa kichwa kuuma, na hakuna boksi itakuambia wewe ni wa gani.

Yenye ningelipia pesa kidogo zaidi ni kuwa na maiki ya pili ndani, inaskia kenye kimefika kwa sikio na kusahihisha, wanaita haibridi, hiyo inaleta tofauti kubwa kweli. Na apu yake kwa simu, yenye unaweza kuchagua kiwango au ile modi ya kuruhusu sauti ya nje ili uskie makanga akiita Ahero. Oraimo, QCY na Soundcore wana apu zao. Na kuangalia IPX4, maana haiogopi matone, juu Kericho mvua inakungoja ukishuka tu kwenda msalani. Kama hii ya 3,500 ina hizo na imekaa vizuri, chukua hiyo.

Muziki wa dereva sasa. Utapungua besi, mwimbaji utamskia. Hapo sitaki kukudanganya.

Lakini wacha nikuambie kenye kimenifanya nipende hizi vitu, manake si kimya. Mimi nimepanda hiyo barabara miaka mingi na iafoni za waya zile za kawaida, na ukiwa mwendo wa Salgaa kuelekea Mau Summit injini inalia gia ya pili mlima mzima, huskii wimbo, unapandisha sauti, unapandisha tena mpaka mwisho, na inakaa hapo mpaka Kisumu. Nilikuwa nikifika masikio yanalia ngiiii mpaka asubuhi na nilidhani ni uchovu wa safari. Haikuwa uchovu. WHO, shirika la afya duniani, wanasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na ukiongeza desibeli tatu tu hayo masaa yanakatwa nusu, tatu zingine nusu tena. Mtu anashinda injini kwa voliumu anamaliza posho yake ya wiki kabla ya Kericho. Siku nilijaribu ANC ya bei rahisi kwa hiyo safari nilijikuta nasikiza nikiwa katikati ya voliumu, naskia kila neno, na nilifika masikio yakiwa kimya. Kama itakushukia desibeli 10 tu za injini, sikio linaona kelele imepungua karibu nusu, na hiyo nusu ndio hutalazimika kuishinda. Kila Ijumaa na kila Jumapili ndugu yangu, mwaka mzima, hesabu mwenyewe.

*Sasa fundi. Nimeona kwa Facebook iabadi kama za Apple kabisa, 1,500 tu, na ukifungua kikasha picha yake inatokea kwa iPhone na kuna kitufe cha ANC kwa mipangilio. Si hiyo inaonyesha ni orijino?*
*– Dada wa Section 58, Nakuru*

Dada hapana. AirPods Pro zilitoka 2019 zikiuzwa dola 249 Marekani, hakuna njia halali itazileta Nakuru kwa 1,500. Hiyo picha inatokea juu chipu imefundishwa kujitambulisha kwa simu na jina la ile orijino, ni rahisi kuigwa, hata ile serial namba inaigwa. Kitufe kiko, unakibonyeza, na ndani hakuna kitu. Nilinunua moja hapa hapa mjini miaka ya nyuma, kibanda siwezi kukitaja, nikaiweka karibu na friji nikabonyeza washa zima washa zima, friji haikushtuka. Niliporudi mwenye kibanda akaniambia bidhaa ikishatoka hairudi. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 haisemi hivyo, inasema upewe kitu chenye ubora unaofaa, lakini sikuwa na risiti na bila risiti ni maneno yangu na yake.

Hiyo 1,500 yako inaweza kukununulia iabadi ya jina linalojulikana, isiyo na ANC lakini yenye mpira unaoziba vizuri na waranti ya maandishi. Hiyo itazuia kelele kuliko ANC ya uongo. Ama ngoja mwezi mmoja uongeze. Na tangazo lenye linasema ulipe kwanza bila duka, wachana nalo.

*Yangu ya kulia inakwisha chaji mbio, ya kushoto iko sawa. Imeharibika?*
*– Msomaji, Maseno*

Kwanza angalia kama inachaji kabisa. Vile vidoti vya shaba chini yake na vile viko ndani ya kikasha vinashika nta ya sikio na jasho, chukua pamba kwa kijiti, spiriti kidogo sana, pangusa, ngoja ikauke, rudisha. Nusu ya zenye naletewa zinapona hapo. Kama haijapona angalia kama hiyo ya kulia ndio unatumia peke yake kupiga simu, basi imezeeka mapema kuliko mwenzake, betri zake ni ndogo sana na zikishachajiwa mara mia kadhaa zinachoka. Na kumbuka ANC inakula chaji, yale masaa makubwa kwa boksi yalipimwa ikiwa imezimwa.

*Fundi, mimi niko jua kali hapa Kibuye, Kisumu, tunatengeneza milango na madirisha, grinda na nyundo kutoka asubuhi hadi jioni. Nina miaka 26. Bibi yangu anasema siku hizi naongea kwa sauti ya juu nyumbani na TV naweka juu. Nimesikia hizi iabadi za kuzima kelele zinaweza kukinga masikio. Nitumie gani, bajeti ni 4,000?*
*– Fundi mwenzako, Kibuye*

Ndugu yangu, nimesoma hii barua mara tatu.

Usitumie iabadi kujikinga na grinda. Grinda inafika desibeli 100 bila shida, na kwa hiyo kiwango wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, NIOSH, wanahesabu kama dakika 15 kwa siku, na wewe uko hapo masaa manane. Sauti yake ni ile nyembamba ya chuma, yenye nimesema huko juu ANC haiishiki. Nyundo ndio kabisa, pigo limefika na kuisha kabla chipu ijue. ANC itakutolea mngurumo wa chini, utahisi kimya kidogo, utadhani umekingwa, na ile sehemu inakula sikio inaendelea kuingia. Alafu utaongeza muziki juu yake.

Kenye unahitaji ni kinga ya masikio yenyewe, zile kubwa za kufunika sikio lote, na kwenye pakiti utafute SNR au NRR, hizo ni alama za kiasi cha kelele kinga inapunguza, na namba 25 kwenda juu. Ziko kwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwa kawaida haziwezi kumaliza hiyo bajeti yako. Ongeza vile vya sponji vya kuingiza ndani kwa siku ya grinda nyingi, vaa vyote viwili pamoja. Kama umeajiriwa, tangu 2005 kuna kanuni za Kenya za kelele kazini, mfanyakazi hafai kukaa kwa zaidi ya desibeli 90 kwa masaa manane, na mwenye karakana ndio anatakiwa akupe kinga, sio wewe ununue. Muulize, na muulize mkiwa wengi.

Na hiyo ya TV na bibi, tafadhali enda upimwe masikio. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi iko hapo karibu na wewe, uliza kliniki ya masikio, pua na koo. Vile vinywele vidogo vya kuskia, ndani kabisa ya sikio, vikishakufa kwa binadamu havioti tena, lakini vyenye viko bado unaweza kuvilinda kuanzia kesho asubuhi, na uko na miaka 26, viko vingi. Bibi amekuonea kitu mapema, mpe asante yake.

Ukipimwa niandikie wamesema nini. Ile 4,000 ikibaki kidogo baada ya kununua kinga, nitakusaidia mwenyewe kuchagua iabadi za kuskiza jioni kwa tuktuk ukienda nyumbani, na tutaweka ile alama ya voliumu kwa simu isipite katikati.